Beetle isiyo na nati ya kumwagia oili

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Volkswagen Beetle 1600. Nimelala chini ya injini nikitafuta nati ya kumwagia oili, siioni. Bamba la duara lipo, ila katikati ni tupu. Je, injini ilibadilishwa?

JIBU: Marahaba. Si lazima. Beetle za zamani zina nati kubwa katikati ya bamba hilo. Nyingi za baadaye hazina. Washa injini ipate joto kidogo, izime, tega beseni, kisha legeza zile nati 6 ndogo za pembeni. Lita 2.5 zitashuka kwa mkupuo, basi uso uweke mbali! Ndani kuna chujio la wavu. Lisafishe, uweke gasketi mpya mbili, juu na chini yake.

Kwenye kukaza ndipo watu huharibu. Bloki hii ni ya aloi ya magnesi, laini. Ukikaza kama nati za tairi, nyuzi zitang'oka. Spana fupi inatosha.

Ukikuta skrubu nene yenye mfereji, iache: ni ya vali ya presha ya oili. Bloki za zamani zina moja. 1600 ina mbili, moja upande wa puli, nyingine upande wa flaiwili (gurudumu zito la injini, upande wa giaboksi).