Kabla Hujanunua Gitaa la Kireno: Ushauri kwa Wanafunzi Wapya

Mgeni anayetaka kujifunza guitarra, yaani gitaa la Kireno lenye nyuzi 12 za chuma zilizopangwa katika jozi 6, aghalabu hukimbilia dukani. Ni vyema aamue kwanza kama atapiga muziki wa Lisbon au wa Coimbra, miji miwili ya Ureno, kwani ala zenyewe hutofautiana. Jozi za Lisbon, kuanzia ile ya juu kabisa, hutoa noti za si, la, mi, si, la na re. Gitaa la Coimbra lina nyuzi ndefu zaidi nazo hukazwa toni nzima chini ya zile za Lisbon. Utalitambua hata kwa kichwa: cha Lisbon huchongwa kikajikunja kama konokono, na cha Coimbra huwa na umbo la chozi.

Mkono wa kulia ndio utakaokutesa. Hutumika kidole gumba na cha shahada tu, vyote vikiwa vimevalishwa kucha za bandia, ambazo zamani zilitengenezwa kwa gamba la kasa na siku hizi ni za plastiki. Katika mbinu iitwayo dedilho, kidole cha shahada peke yake hupiga uzi kikienda na kurudi, na kucha iliyolegea hata kidogo hukwama katikati ya jozi ikasikika kwa ukumbi mzima. Fanya zoezi hilo polepole, kwenye jozi moja, kabla ya kugusa wimbo wowote. Waliozoea gitaa la kawaida ndio wanaolidharau, nao ndio huchelewa.

Sikiliza wapigaji mashuhuri: Armandinho kwa upande wa Lisbon, na kwa Coimbra, Artur Paredes na mwanawe Carlos. Kwa wanaotaka masomo rasmi, shahada ya ala hii hutolewa katika mji wa Castelo Branco, Ureno, na jijini Lisbon Museu do Fado, yaani makumbusho ya fado, muziki wa uimbaji wa Kireno, ina shule yake.

Katika fado, rizimu hubebwa na gitaa la kawaida, ambalo Wareno huliita viola. Wewe unamjibu mwimbaji pale anapovuta pumzi, na ukimwagia madoido juu ya maneno yake hutaalikwa tena. Anza na melodi za kimapokeo za fado menor, fado corrido na fado mouraria, ambazo mashairi mengi huimbiwa humo, na uzijue katika funguo kadhaa, maana mwimbaji hutaja ufunguo wake akiwa tayari amesimama mbele ya wasikilizaji.