Jibu la swali la wiki: Fedha ikitoka nje, inarudi na bata mdomoni?

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Nchi ikiagiza sana vitu vya nje inajifilisi?", nimeona wengi wamelijibu kwa dola na mitumba, mimi naomba nirudi nyuma mpaka London ya miaka ya 1620 kwa sababu kule walilumbana kwa swali hilihili mpaka wakachafuana kwenye vitabu, na jibu lililoshinda liliandikwa na mtu mwenye ulaji wake humohumo.

Ilikuwa hivi. Uingereza ya enzi hizo ilitegemea kuuza vitambaa vya sufu huko Ulaya bara. 1614 Mfalme James I akakubali mpango wa mfanyabiashara mmoja anaitwa William Cockayne, kwamba vitambaa visitoke tena vikiwa ghafi, vitiwe rangi kwanza hukohuko nyumbani ndio viuzwe. Waholanzi wakakataa kuvipokea, mpango ukafa 1617. Kabla hata hawajapumua, watawala huko Ujerumani na Poland wakaanza kuchakachua sarafu zao, yaani kupunguza fedha iliyomo ndani, basi kitambaa cha Mwingereza kikawa ghali hakishikiki, wafumaji wakakaa bila kazi, sarafu za fedha zikaadimika mitaani. Sasa ikabidi atafutwe mchawi, na vidole vyote vikaelekea Kampuni ya East India, kampuni ya Waingereza iliyofanya biashara na Asia.

Na kwa kweli ilikuwa rahisi kuishuku. Hati yao ya mwaka 1600 iliwaruhusu kubeba fedha (yale madini) ya thamani ya paundi 30,000 kwa kila safari, maana kule India na visiwa vya Indonesia nani anataka sufu nzito kwenye joto lile? Kwa hiyo walilipa kwa reale, sarafu za fedha za Kihispania. Wewe mfumaji huna kazi, unasikia watu wanapakia masanduku ya fedha melini halafu wanarudi na pilipili manga, utasema nini kama sio tunaibiwa?

Hapo ndipo wakaibuka waandishi watatu, wote wafanyabiashara. Gerard de Malynes tangu 1601 alikuwa anasema shida ni mabenki na wanaocheza na bei ya hundi za kubadilishia fedha za nchi na nchi, dawa yake serikali ipange bei ya kubadilisha fedha kwa kuangalia uzito wa fedha iliyomo kwenye sarafu. Edward Misselden ananichekesha zaidi, 1622 kaandika biashara ya India inatunyonya, 1623 katoa kitabu kingine anaitetea, na mwaka huohuo Kampuni ikamtaka akaiwakilishe Amsterdam. Sisemi kitu.

Wa tatu ndio Thomas Mun, mkurugenzi wa Kampuni tangu 1615. Kitabu chake cha 1621 kinaenda moja kwa moja kwenye hesabu, anasema Ulaya inatumia ratili milioni 6 za pilipili kwa mwaka, ukiinunua kwa njia ya zamani kupitia Aleppo, mji wa Syria, ni shilingi 2 kwa ratili, ukiifuata mwenyewe kule inakolimwa ni peni 2 na nusu. Shilingi 2 ni peni 24, fanya hesabu mwenyewe, hata ukiweka gharama za meli na mabaharia bado kuna dili. Halafu pilipili yenyewe Waingereza hawaimalizi, nyingi inauzwa tena Italia, Uturuki na kwingineko. Yaani usihesabu masanduku yaliyotoka kwenye meli moja, hesabu nchi nzima imeuza nini na imenunua nini kwa dunia nzima. Huo ndio urari wa biashara tunaousikia kila wakati wa bajeti.

Kwenye kitabu chake cha pili anatoa kisa cha ujana wake Italia. Mtawala wa Toscana, Ferdinando wa Kwanza, alimkopesha krauni 40,000 kwa mwaka mzima bila riba, huku akijua kabisa hela inapelekwa Uturuki ikiwa taslimu kununulia bidhaa. Jamaa hakuwa na presha, alijua itarudi, na Mun anaongeza msemo wao wa zamani, itarudi na bata mdomoni, yaani itarudi na faida.

Hoja hiyo mimi naikubali, tena wengi wanaolia kuhusu dola leo hawajaifikia. Ila Mun anataka kila mwaka tuwauzie wageni kuliko tunavyonunua kwao, sasa kila nchi ikifanya hivyo nani atakuwa mnunuzi? Na ile peni 2 na nusu haiulizi mchumaji alipata nini. Mwaka huohuo wa 1621 Waholanzi chini ya Jan Pieterszoon Coen walivivamia visiwa vya Banda huko Indonesia kwa ajili ya kungumanga, wakaua na kuwafanya watumwa karibu watu wote wa visiwa vile. Mun mwenyewe hasira zake anazimalizia kwa Waingereza wenzake, anawafokea kwa tumbaku na pombe wakati Waholanzi wanawavulia samaki mlangoni kwao!

Alikufa 1641. Bunge likaruhusu kutoa nje sarafu za kigeni na fedha ghafi 1663, na kitabu chake cha pili kikachapwa na mwanawe 1664, yaani kesi walishaishinda ndio wakili anaingia mahakamani. Lakini wafumaji hawakukubali. 1700 likapita katazo la kuvaa bafta, vitambaa vya pamba, zilizopigwa chapa kutoka Asia, halikutosha, 1719 wafumaji wa London wakawa wanawakimbiza wanawake barabarani na kuwachania nguo hizo mwilini, 1721 ikaja sheria kali zaidi. Na angalia sheria zilivyoandikwa, bafta ziliruhusiwa kuendelea kuingia London, zifungiwe ghalani, mradi ziuzwe nchi nyingine, hesabu ileile ya Mun. Basi zikauzwa, na nyingi zilipelekwa pwani ya Afrika Magharibi, wakanunuliwa watu kwa nguo hizo.