Jaketi la mlimani kwa mtu wa Mombasa: uliza upepo kabla ya unene

Mtu wa Mombasa akienda kutafuta jaketi la kupandia mlima, jambo la kwanza analofanya ni kuliminya. Likimjaa mkononi, analipa. Simlaumu, kwani baridi tunayoijua ni ile ya asubuhi za mwezi wa saba, ukijitanda leso imekwisha. Lakini huko juu kinachomtesa mtu zaidi ni upepo, na jaketi nene linalopitisha upepo ni mzigo wa kubeba bure.

Hebu tupige hesabu. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kila ukipanda mita 1,000. Mombasa ikiwa nyuzi 30, Point Lenana kwenye Mlima Kenya, mita 4,985, kutakuwa kama nyuzi 2 chini ya sifuri, na hapo tunasema mchana. Wapandaji wengi hutoka kambini saa nane au saa tisa za usiku ili jua liwakute kileleni, yaani watembea saa zile zile baridi imekolea. Sasa chukua nyuzi 5 chini ya sifuri, ongeza upepo wa kilomita 40 kwa saa: ngozi iliyo wazi yahisi kama iko kwenye nyuzi 14 chini ya sifuri. Mwili hujitengenezea hewa ya moto inayokaa karibu na ngozi, upepo ukija unaizoa, na mwili unaanza kazi upya. Kilimanjaro, mita 5,895, ni hadithi hiyo hiyo, imezidi tu.

Ndiyo maana watu wakiniuliza, huwaambia watafute softisheli yenye kinga ya upepo na pamba kidogo ndani. Ni jaketi la kitambaa cha nailoni au poliesta kinachovutika. Katikati huwa na utando mwembamba wa kuzuia upepo, au kitambaa chenyewe kimefumwa kwa kubana sana. Ndani kuna manyoya mafupi laini kama ya blanketi, au pamba nyepesi ya kiwandani. Limeshonewa watu wa michezo ya theluji kule Ulaya na Marekani, wanaoteleza kwa skii na kupanda miteremko ya barafu. Watu hao hutokwa jasho jingi, na jasho ndilo linalosahauliwa na wengi wetu.

Kutoka kambi ya Shipton's, kama mita 4,200, hadi Lenana ni mwinuko mtupu, changarawe inateleza, kila hatua mbili unarudi nusu. Hata kwenye baridi ile mgongo unaloa. Aliyevaa koti nene la kujaa hewa, ndani analowa chapa, na akisimama kupumzika jasho linageuka barafu ya mgongoni. Koti la manyoya ya bata ndilo baya zaidi hapo, kwa sababu manyoya yakilowa yanashikana na joto lake linapotea. Pamba ya kiwandani huvumilia unyevu. Kwa mtu anayetembea, pamba ya gramu 40 hadi 80 kwa mita ya mraba yatosha, na ukiona kwapani kuna zipu za kufungua, usiliachie.

Sasa utalipata wapi? Nairobi madukani lipo, na bei yake itakufanya uangalie mlima kwenye picha tu. Mimi naamini mitumba ya soko la Kongowea. Belo za majaketi ya baridi zinapofunguliwa humwagika nguo za skii tupu, na kwa kuwa hapa hazina mteja wa kila siku, bei inazungumzika kuliko ya jinzi. Nenda asubuhi, kabla wanaojua hawajaondoka na kamera, yaani zile nguo bora za kuchaguliwa mwanzo. Muuzaji atakuambia, "Dadangu, shika hili, uzito wake! Hili theluji yenyewe haipiti." Mwitikie vizuri, kisha uendelee na kazi yako.

Utaijua nguo ya skii kwa alama zake. Kwenye mkono wa kushoto, juu ya kifundo, mara nyingi kuna kijimfuko kidogo: huwekwa kadi ya kupandia lifti za mlimani. Kwetu hakina kazi, ingawa tembe za kichwa hukaa humo vizuri. Kiunoni kwa ndani huenda kuna sketi fupi yenye lastiki, iliyowekwa ili theluji isiingie mtu akianguka. Hiyo usiikate, huziba upepo unaopanda kutoka chini. Kofia ikiwa kubwa mno, ilikusudiwa kuvaliwa juu ya helmeti, na kwa sisi tunaovaa mtandio hiyo ni neema: inakaa juu ya hijabu na kofia ya sufu bila kukuvuta shingo. Nimewaona akina dada wakihangaika usiku kucha na kofia inayorudi nyuma kila wakiinamisha kichwa, kwa sababu walichagua jaketi lenye kiuno kizuri. Waachie wapiga picha kiuno.

Kujua kama linakata upepo ni rahisi. Bandika mdomo kwenye kitambaa, puliza kwa nguvu, kiganja kiwe upande wa pili. Ukihisi hewa, rudisha. Fanya hivyo mabegani, kifuani, na ubavuni pia, maana baadhi ya viwanda huweka utando mbele tu na kuacha mgongo upumue. Hilo si kosa kwa mkimbiaji. Kwa anayengoja jua Lenana ni kosa. Kisha fungua zipu uangalie kama nyuma yake kuna ukanda wa kitambaa, kwani zipu tupu hupitisha upepo katikati ya kifua. Vaa na sweta ndani, inua mikono kama unayeanika nguo: mgongo ukibaki wazi, si saizi yako.

Halafu geuza ndani nje. Utando uliozeeka huchanika vipande vipande kama ngozi iliyoungua na jua, au hunata na kutoa harufu kali. Jaketi hilo limekwisha hata kama nje lang'aa.

Kama una mtu kwenye ghala la samaki, kuna jaribio zuri zaidi. Mtoto wa mamangu mdogo hufanya kazi kwenye chumba cha barafu, nyuzi 18 chini ya sifuri, feni zinavuma juu ya kichwa. Aliniruhusu nisimame mle na jaketi langu, chini ya feni. Kifua kilikaa shwari, nikajua baridi inaingilia wapi: vifundo vya mikono. Lastiki zilikuwa zimelegea. Fundi aliweka mpya siku hiyo hiyo.

Lile koti nene la manyoya usilinunue, likodi. Upande wa Kilimanjaro wanaokodisha wapo Moshi, na upande wa Mlima Kenya wapo Naro Moru na Nanyuki. Libebe kwenye begi, livae ukisimama, livue ukianza kutembea. Softisheli ndiyo inunuliwe, kwa kuwa hiyo utakaa nayo mwilini tangu kambi hadi kambi.

La mwisho ni namna ya kulitunza, na hapa Mombasa ina ubaya wake. Utando mwingi ni wa poliyurethani, na joto lenye unyevunyevu, kama la nyumba zetu, huula polepole. Ukilifunga kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, utalikuta linanata. Litundike pahali penye hewa, mbali na jua. Ukilifua, sabuni kidogo, suuza sana, usitie dawa ya kulainisha nguo, maana hiyo huziba kitambaa na kuua ile dawa ya nje inayofukuza maji. Maji yakiacha kuviringika juu yake na kuanza kulowesha, soma lebo. Kama inaruhusu pasi, lipige kwa moto mdogo kabisa, juu yake umeweka taulo. Joto huiamsha dawa hiyo. Na dobi mwambie mapema, kabla hajalipiga pasi yake ya makaa.