Usiuze simu kwanza: yaliyonikuta mimi fundi cherehani

Mkuu mleta mada, umesema simu inakumeza saa sita kwa siku, ripoti za ofisini unazimalizia usiku wa manane, shemeji yetu ameshaanza kununa, na sasa unataka kuiuza hiyo simu janja ununue kitochi. Umeuliza kama kuna aliyewahi kufanya hivyo akapona. Mimi niliuza. Nilikaa siku 11, ya 12 nikanunua nyingine yenye kioo kikubwa kuliko ya kwanza. Kwa hiyo jibu fupi ni hilo: usiuze kwanza. Refu linafuata, vuta kiti.

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro, nashona nguo za kike mwaka wa 14 huu. Zamani mteja alikuja na nguo ya kuigizia, au alikuchorea hewani kwa mikono: shingo iwe hivi, huku nyuma pafunguke kidogo. Siku hizi anatuma picha WhatsApp. Picha ya mbele, picha ya nyuma aliyoitoa kwenye gauni jingine kabisa, kisha ujumbe wa sauti wa dakika tatu ambao kipimo ndani yake ni kimoja tu, mengine yote ni habari za mtoto kukohoa. Siku zile 11 nilizokaa bila simu janja, wateja wangu wawili walihamia kwa fundi wa mtaa wa pili. Sikuwalaumu.

Basi simu ikarudi mezani, kando ya mkasi na chaki. Na hapo ndipo ilipoharibika kazi.

Mwezi wa 12 nilipata sare za harusi, akina mama tisa, kitenge kimoja kilichonunuliwa Kariakoo. Gauni la mwisho lilibakiwa na vipande vyembamba, nikashindwa kukunja kitambaa mara mbili ili nikate mikono yote kwa pamoja. Ukikata mmoja mmoja, lazima karatasi ya kukatia uigeuze, la sivyo unapata mikono miwili ya upande mmoja. Kila fundi anajua. Nikakata wa kulia. Kioo kikawaka, mteja mwingine katuma sauti. Nikasikiliza. Ikaisha, kidole kikaenda chenyewe kwenye stetasi: fundi mwenzangu kaweka gauni lake jipya, halafu bao la jana, halafu mtu anatumbukia mtaroni na kapu la mayai. Nikacheka peke yangu. Nikarudi mezani, karatasi ipo vilevile nilivyoiacha, nikakata.

Sikuona kitu mpaka mama wa watu alipokuja kujaribu. Mkono wa nguo huchimbwa zaidi upande wa mbele kuliko wa nyuma, sasa wa kushoto ulikuwa umechimbwa nyuma. Akiinua mkono, gauni lote linavutika. Kesho yake nilipanda basi la alfajiri hadi Kariakoo, nikazunguka maduka na kipande mkononi, ua lile limekwisha. Nilimrudishia hela ya kitambaa na ya ushonaji. Baada ya harusi nikatumiwa picha ya kamati, kwenye simu hiyohiyo: wanane wamevaa sare, wa tisa kasimama pembeni na gauni la zambarau.

Jumatatu yake nikasema ngoja nijue ugonjwa wenyewe. Kila nikishika simu, napiga mstari wa chaki ukingoni mwa meza. Kufika adhuhuri mistari ilikuwa 43. Zilizokuwa za kazi kweli, nikikumbuka kwa uaminifu, hazifiki kumi. Na hizo chache ndizo zilizozaa nyingine. Nilikuwa naingia kutafuta kipimo cha kiuno natokea kwenye ugomvi wa watu nisiowajua.

Nilikuja kuelewa vizuri niliposoma habari za njiwa wa B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani. Njiwa yuko ndani ya kisanduku chenye kitufe, akikidonoa anapata punje. Punje ikija kila baada ya madonoo ya idadi ileile, anakula kisha anapumzika. Ikija bila mpangilio, mara kwa donoo la tatu, mara kwa la arobaini, anadonoa mfululizo. Punje yangu mimi ni oda. Kati ya jumbe hamsini, moja ni mama mwenye shughuli anayetaka magauni sita. Ukishaipata hiyo mara moja, utadonoa hamsini nyingine bila kusukumwa.

Halafu tusijilaumu kama vile ni udhaifu wetu peke yetu. Kuna watu walikaa wakalifikiria jambo hili kwa makini. Zile kurasa zinazoshuka bila kufika mwisho alizibuni jamaa anaitwa Aza Raskin mwaka 2006, na mwenyewe baadaye amesema hadharani kwamba anajuta. Hata sahani ya ubwabwa ukiona maua ya chini unajua umefika.

Sasa niliyojaribu yakagoma. Nilifuta Instagram mara nne, nikairudisha mara nne. Niligeuza kioo kiwe cheusi na cheupe kama wanavyoshauri, sababu rangi ndizo zinazovuta macho. Kwa wengine labda inasaidia, mimi mteja alinitumia kitenge cha rangi ya chungwa nikakiona kijivu, nikamshonea kwa uzi wa kijivu.

Lililonichekesha zaidi ni la bando. Niliacha cha mwezi, nikawa najiunga cha saa 24 siku nikiwa na kazi maalumu tu, nikidhani nimebana matumizi. Saa tano usiku nikajikuta naangalia Mjapani ananoa kisu, kwa sababu MB zimebaki nyingi na asubuhi zinakufa. Sisi chakula tulicholipia hatukiachi mezani. Kama unajiunga vifurushi vya siku, anzia hapo kujichunguza.

Kilichonisaidia ni kuvitenga vitu viwili nilivyokuwa nimeviweka chumba kimoja. Nilinunua kitochi, lakini simu janja sikuiuza. Laini ya biashara ikaingia kwenye kitochi: kupigiwa, ujumbe wa kawaida, na malipo. Watu wanasahau kwamba M-Pesa iliingia Tanzania 2008, wengi wetu tukiwa na vitochi hivihivi. Ukibonyeza *150*00# haikuulizi una intaneti. WhatsApp ya namba ileile iliendelea kwenye simu janja, maana ukishathibitisha namba mara moja haidai laini iwe humo ndani. Humo nikaweka laini nyingine ya data. Kuwa makini tu usiifute WhatsApp, kwani kuirudisha itabidi usubiri namba za uthibitisho kwenye kitochi.

Simu janja yenyewe inakaa kwenye kopo la biskuti nililokuwa naweka vifungo, rafu ya juu kabisa, nalifikia kwa kupanda stuli. Usicheke hiyo stuli. Simu ikiwa mezani sikumbuki hata nimeishika saa ngapi, lakini nikiwa juu ya stuli najiona kabisa, mtu mzima na kitambi chake, anatafuta nini huko? Mara nyingi nashuka mikono mitupu.

Nalifungua kopo saa nne asubuhi, saa nane mchana, na saa kumi na mbili jioni. Nakaa na daftari. Kila oda naandika jina, vipimo, tarehe ya kuchukua, na mshono nauchora kwa penseli. Hili la kuchora sikulitegemea. Ukichora unalazimika kuona zipu inaanzia wapi, mikunjo ya kifua inaelekea wapi, kitu ambacho nilikuwa nakikisia kwa kuikuza picha na vidole viwili huku nimeshika mkasi. Ile sauti ya dakika tatu inakuwa mstari mmoja: kiuno 34, mtoto anakohoa, muulize hali.

Wateja niliwaambia wazi, nikaandika kwenye maelezo ya WhatsApp: najibu saa 4, saa 8 na saa 12, ukiwa na haraka piga. Mmoja alichukia akaondoka. Waliobaki wakawa wanapiga, na anayepiga hasimulii, vocha inamuuma. Tiki za bluu nilizizima. Tangu zilipokuja mwishoni mwa 2014 mteja akiona umesoma hujajibu ni kesi. Ila ujue kwenye magrupu zitaendelea kuonekana, na ujumbe wa sauti ukiusikiliza mtumaji atajua. Magrupu yote niliyanyamazisha. La ukoo sikutoka. Ukitoka kwenye grupu la ukoo unaitiwa kikao.

Usiku kopo linalala dukani. Mwanzoni nililibeba hadi nyumbani kwa kisingizio cha kuweka saa ya kuamka, nikanunua saa ya mezani. Hapo sina zaidi ya kusema.

Kuhusu shemeji, ngoja nikupe la mama yangu. Yupo Lushoto, hunipigia Ijumaa jioni. Kipindi kile nilikuwa namweka spika, naitikia mmh, mmh, huku kidole kinashuka. Siku moja akanyamaza katikati ya habari za ng'ombe, kisha akasema taratibu, "Haya mwanangu, maliza kwanza unachosoma." Akakata. Hakuwa ameniona, alisikia tu hizo mmh zangu. Sasa hivi ananipigia kwenye kitochi, na ng'ombe namjua kwa jina.

Kuanguka naanguka. Msimu wa usajili wa Simba na Yanga kopo linashuka mara nane kwa siku na stuli haisaidii kitu. Wiki ya kwanza ya huo msimu huwa sikati nguo ya sare kabisa, nashona marekebisho na kutia zipu.

Sasa wewe kazi yako ni ripoti, na ripoti unaandikia kompyuta, kwa hiyo kopo lako huenda likawa droo ya ofisini au begi la mwenzako. Lakini usinunue chochote bado. Kesho chukua karatasi, kila ukishika simu piga mstari, kwa siku nzima, na ile ya kazi izungushie duara. Ukimaliza rudi utuandikie hapa: mistari mingapi, maduara mangapi. Siku yangu ya kwanza nilifuta mistari kama sita kwa kiganja, nikadai ni chaki ya zamani.