Maswali ya Wasomaji: Mwanafunzi Anayechanganya b na d

SWALI: Ninafundisha uhandisi ujenzi, mwaka wa pili. Nina mwanafunzi ambaye akisimama ubaoni hueleza vizuri sana jinsi mzigo unavyoshuka kutoka kwenye bimu, kupitia nguzo, hadi kwenye msingi. Lakini kwenye mtihani huchanganya herufi, huruka mistari, na muda humwishia kabla hajafika nusu. Amenieleza faraghani kwamba ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, tangu utotoni. Nimsaidieje bila kuonekana ninampendelea?
Mhadhiri, Mbeya

JIBU: Ndugu Mhadhiri, nimefurahi kwamba ulimsikiliza kabla ya kumhukumu. Tazama kanuni ya bd³/12, ambayo wanafunzi wako huitumia kupima ukakamavu wa bimu ya mstatili, b ikiwa upana na d ikiwa kimo. Kwa bimu yenye upana wa milimita 200 na kimo cha milimita 400, herufi hizo mbili zikibadilishana nafasi, jibu hushuka hadi robo ya lile sahihi. Msahihishaji ataona mwanafunzi asiyejua kwa nini bimu husimamishwa kwa upande wake mwembamba badala ya kulazwa kwa ule mpana, ilhali wewe uliyemsikia ubaoni unajua kwamba hilo analielewa barabara.

Kwa hiyo anza na karatasi yako mwenyewe: andika h badala ya d, tenganisha maswali kwa nafasi ya kutosha, na uwatake wote wachore mkato wa bimu na kuuwekea vipimo kabla ya kugusa kanuni. Toa alama kwa hatua, si kwa jibu la mwisho pekee. Hayo ni ya darasa zima, wala hayamtangazi mtu.

Muda wa ziada ni uamuzi wa chuo, hivyo, kwa ridhaa yake, mpeleke kwa mshauri wa wanafunzi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unadai katika Ibara ya 24 marekebisho stahiki hadi elimu ya juu. Kuhusu upendeleo, naamini hofu hiyo haina msingi: kasi ya kusoma haimo katika muhtasari wa somo lako, na hata kazini hesabu za mhandisi hukaguliwa na mwenzake kabla mchoro haujatiwa sahihi. Ila kabla ya yote hayo, muulize yeye mwenyewe ni mbinu gani zilizomfikisha chuo kikuu.