Re: Mpenzi wa rege ataiweza In the Wild?

Umeuliza kama In the Wild, albamu ya 2022 ya The Interrupters, bendi ya Marekani inayopiga ska iliyochanganywa na punk, itamfaa mtu aliyelelewa na rege za matatu. Itakufaa sana, ndugu yangu! Ska ni muziki wa dansi wa kasi ulioizaa rege kule Jamaika, kwa hiyo lile gitaa linalokatakata katikati ya mapigo utalitambua papo hapo, ila hapa linakimbia. Mimi niliisikiliza kwenye foleni ya Ngong Road, Nairobi, mvua ikinyesha, nikashuka kituo cha Adams moyo mwepesi. Aimee, mwimbaji wao, anaimba machungu yake waziwazi, na nyuma yake ndugu watatu wa Bivona, wawili mapacha, wanapiga kama mtu mmoja. Halafu kwenye wimbo mmoja anaingia Rhoda Dakar, mkongwe wa ska ya Uingereza. Wimbo huo niliurudia mara tatu. Tafuta spika nzuri tu, kwenye simu besi inapotea.