Unga wa maganda ya mayai hauponyi mafuta yaliyochoka

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Nakusanya mafuta yaliyochoka kwa wakaanga chipsi hapa Tanga, kama lita 60 kwa wiki. Nataka kutengeneza biodizeli ya kuendeshea mashine ya kusaga ya mzee wangu. Kwenye semina tulifundishwa kwamba chokaa ya maganda ya mayai ni kichocheo kigumu cha kugeuza mafuta kuwa biodizeli: hakiyeyuki, hakitengenezi sabuni, mafuta hayaoshwi, na unga uleule unatumika hata mara kumi. Nimechoma maganda kwenye jiko la mkaa, nikasaga. Pishi la kwanza lilijitenga kidogo. La pili, kwa unga uleule, limekuwa uji. Niongeze unga?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Usiongeze. Ukiongeza, uji utazidi kuwa mzito.

Ndugu yangu, swali hili naletewa karibu kila mwezi. Kinachobadilika ni mji na kitu kilichochomwa: maganda ya mayai, maganda ya chaza, mifupa ya ng'ombe, majivu ya ndizi. Ila sentensi moja haibadiliki, kwamba kichocheo kigumu hakitengenezi sabuni. Aliyeianzisha simjui. Wanaoiuza nawajua kwa sura: semina ya siku mbili, cheti, na pakiti ya unga mweupe isiyo na maandishi.

Mafuta yaliyokaangia viazi vyenye maji siku tatu nne yameshavunjika, na sehemu yake imekuwa asidi huru. Chokaa ikikutana na asidi hiyo, hiyo ni sabuni tayari, iwe chembe au iwe unga. Tuseme una lita 10 zenye asidi asilimia 3, kiwango cha kawaida kabisa kwa mafuta ya mtaani. Asidi hiyo inaweza kula takriban gramu 27 za chokaa na kukuachia karibu gramu 300 za sabuni. Wala si sabuni ya povu. Ni sabuni ya chokaa, ule utando mweupe unaoganda kwenye beseni ukifulia kwa maji ya kisima ya huko pwani. Haiyeyuki kwenye maji, inakaa katikati ya biodizeli na gliserini, yale mabaki mazito yanayopaswa kujitenga chini, na inavizuia visiachane. Huo ndio uji wako.

Na hata mafuta yangekuwa mapya ya dukani, kalsiamu kidogo ingetoka tu kwenye unga, hasa gliserini ikishaanza kupatikana, kwa sababu gliserini na chokaa zinashikana. Viwango vya Ulaya na vya Marekani vinaruhusu kalsiamu na magnesiamu, zote kwa pamoja, miligramu 5 tu kwa kilo ya biodizeli. Huwezi kuziona kwa macho. Kwa hiyo anayekuonyesha chupa inayong'aa juani na kusema "hii haihitaji kuoshwa" anakuonyesha rangi.

Sasa hilo jiko la mkaa. Ganda la yai ni kalsiamu kabonati, na halibadiliki kuwa chokaa hai mpaka likae saa kadhaa kwenye nyuzi 800 hadi 900. Jiko lako linaweza kufika huko pale mkaa unapowaka wekundu, lakini kwenye sufuria iliyojaa maganda, ya katikati yanabaki kama yalivyokuja. Ukiona weusi, hiyo ni ile ngozi ya ndani ya ganda imeungua, basi. Pima kwa mizani: gramu 100 za maganda makavu zikiiva zinabaki kama 56. Ukipata 85, una maganda ya kukaanga. Kisha chukua kijiko kimoja udondoshee maji kidogo, ukiwa umefunika macho. Chokaa hai inachemka na kufukuta, kama wachoma chokaa wa matumbawe wanavyoijua. Isipofanya hivyo, ama haikuiva ama imeshakufa. Maana chokaa hai ikiachwa wazi inakunywa unyevu na hewa ukaa na kurudi taratibu ilikotoka. Kwa joto la Tanga, unga uliokaa kwenye ndoo wiki nzima usiutegemee. Na ule uliochotwa kutoka pishi la kwanza ulikuwa umeshapakwa gliserini na sabuni. Hiyo "mara kumi" ni ya maabara: mafuta yaliyosafishwa, unga unaooshwa na kuchomwa upya, na mtu anayelipwa kufanya hivyo.

Mimi si adui wa vichocheo vigumu. Kule Sète, Ufaransa, mwaka 2006 kilianza kazi kiwanda cha tani 160,000 kwa mwaka kilichojengwa kutumia oksidi ya zinki na alumini, na gliserini yake ilitoka safi ajabu. Lakini kilijengwa kufanya kazi kwenye nyuzi karibu 200, ndani ya mitungi ya mgandamizo mkubwa, na mafuta yakisafishwa kabla hayajaingia. Hakuna cha sufuria hapo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba watu wanahangaika kubana matumizi mahali pasipo na gharama. Kwa lita 10 za mafuta yako, soda kali, kichocheo cha kawaida cha biodizeli, ingekuwa gramu 60 au 80. Ni pesa ndogo. Gharama iko kwenye methanoli, ile alkoholi inayochanganywa na mafuta ili yawe biodizeli. Kwa soda unatumia lita 2 na kidogo. Kwa chokaa, ili ifanye kazi vizuri, unahitaji karibu 4, halafu uwe na mtambo wa kuikamata methanoli inayobaki. Umekwepa soda, ukalipa methanoli maradufu.

Anza na mafuta. Yachuje, yapashe mpaka yaache kutatarika, kisha upime asidi: mililita 1 ya mafuta ndani ya 10 za alkoholi ya isopropili, matone mawili ya fenolfthaleini, halafu udondoshee maji yenye soda kali gramu 1 kwa lita mpaka rangi ya waridi ibaki. Kila mililita uliyodondosha ni kama asilimia 0.8 ya asidi. Ikipita asilimia 2, chokaa weka kando kabisa. Mafuta ya wakaangaji hayafanani. Mwingine anabadilisha kila siku, mwingine anaongezea tu. Mkatae huyo wa pili. Ukishapika, osha, kausha, kisha tia mililita 3 za biodizeli kwenye 27 za methanoli na utikise. Tone la mafuta likizama chini, haijaiva, na haiendi kwenye mashine ya mzee.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kuitwa kwenye mashine ya kusaga iliyokuwa inazima kila baada ya dakika kumi. Tulipofungua filta, ndani kulikuwa na kitu cheupe kama siagi. Mwenyewe alikuwa ameshanunua pampu mpya, na aliyemuuzia unga alimwambia dizeli ya dukani ndiyo mbovu.

Halafu hiyo methanoli. Hao wa semina wanaipima kwenye chupa za maji ya kunywa, nimeona kwa macho yangu. Ndiyo hiyohiyo iliyotiwa kwenye pombe haramu Kenya mwaka 2014 ikaua watu kwa makumi na kupofusha wengine. Inachemka kwenye nyuzi 65, mvuke wake unatambaa chini kutafuta moto, na ikiwaka mchana mwali wake hauonekani vizuri.

Huo uji wako una methanoli ndani, na najua unafikiria kuupasha tena uone kama utajitenga. Uko wapi sasa hivi? Kama uko jikoni, utoe nje leo, ufunike, uuweke mbali na lile jiko la mkaa na mbali na watoto.